Chuo hakiijui fomu ya saa za masomo, faili langu limesimama

Kutoka: Dada wa Isevya, Tabora

Ndugu zangu wa Tabora na Kigoma mlio nje, mwangaluka. Wakubwa zangu shikamooni.

Mimi ni afisa muuguzi msaidizi, nina diploma na leseni ya TNMC, baraza letu la wauguzi na wakunga, iko hai. Hapa Tabora tuko wanne tunasoma pamoja kwa ajili ya NCLEX-RN, mtihani wa leseni ya muuguzi kamili (RN) Marekani. Tunakutana Isevya jioni, asiye zamu ndiye anayewasha jiko la chai. Wawili CES zao, yaani tathmini ya vyeti inayofanywa na CGFNS, zimeshatoka na mmoja ana ATT, kibali cha kukaa mtihani, mkononi. Faili langu limekwama.

Chuo kilipeleka transkripti ya alama peke yake. Wanaotathmini wanataka mchanganuo wa saa: darasani ngapi, wodini ngapi, kwa kila eneo, yaani medikali ya watu wazima, upasuaji, uzazi, watoto na afya ya akili. Nimekwenda chuoni. Msajili anasema fomu ya namna hiyo hajawahi kuiona na mtaala niliousomea umeshabadilishwa. Mkuu wa chuo wa wakati wetu amehamishwa. Mkuu wa sasa amenipokea vizuri, ila anasema hawezi kutia saini kwenye saa ambazo hakuzisimamia yeye. Jina la chuo naomba nisilitaje, bado nauhitaji muhuri wao.

Nauliza kitu kimoja tu. Aliyesoma kwa mtaala wa zamani na akapita, fomu yake ya saa ilisainiwa na nani? Mkuu wa sasa, mkuu aliyehama, NACTVET (baraza la vyuo vya ufundi), au Wizara ya Afya?


Kutoka: Kaka wa Kasulu, Minneapolis

Pole sana dada. Hayo ya saa sikukutana nayo, yangu yalikuwa ya majina, na nayaandika hapa ili yasikukute na wewe mbele ya safari.

Cheti changu cha kidato cha nne kina majina mawili. Cha uuguzi kina matatu. Leseni ina herufi moja katikati, na pasipoti ina la babu ambalo halipo popote pengine. Nilikuwa nadhani kila mtu anajua ni mimi yuleyule. Ofisi ya huku haijui hivyo. Ilibidi ndugu yangu aende kwa wakili Kasulu mjini atengeneze hati ya kiapo, itumwe, irudi kwa kuwa muhuri haukusomeka, itumwe tena. Jina kwenye ATT lazima lilingane na kitambulisho utakachoonyesha mlangoni. Lisipolingana hawakuingizi chumbani na ada imekwenda. Kwa hiyo dada, kabla hujahangaika na saa, panga karatasi zako zote mezani na usome majina herufi kwa herufi.

Kuhusu kusoma, ningekushauri upumzike kwanza mpaka faili lifunguke. Maswali ni 75 mpaka 265, ni mengi mno, ukiyasoma mapema yanapoa kichwani. Mimi kompyuta ilinifungia kwenye swali la 75 nikajua hapohapo nimepita.


Kutoka: Dada wa Ujiji, Houston

Kaka wa Kasulu, nakuheshimu lakini naomba tusimpoteze dada. Hizo 75 na 265 ni za zamani. Tangu tarehe 1 Aprili 2023 tuko kwenye NCLEX ya kizazi kipya: chini ni maswali 85, juu 150, muda ni saa tano, na 15 kati ya hayo hayahesabiwi, yanajaribiwa tu. Na kufungwa mapema si dalili ya kupita. Kompyuta inasimama pale inapokuwa na uhakika wa asilimia 95 kwamba uko juu ya mstari au uko chini yake. Kuna watu wamefungiwa kwenye 85 wakiwa wameshindwa, nimewashika mkono wakilia.

Dada wa Isevya, usiache kusoma hata siku moja kwa sababu ya faili. Niseme kwa nini, maana hili linaniuma.

Sisi tuliosoma nyumbani hatushindwi kwa kutojua uuguzi. Mtu aliyefanya kazi leba ya hospitali ya mkoa, ukimpa swali la magnesiamu salfeti, atakujibu kabla hujamaliza kulisoma: angalia refleksi ya goti, hesabu pumzi, zikishuka chini ya 12 simamisha, pima mkojo, kalsiamu glukoneti iwe karibu. Wenzetu wa hapa wanayasoma hayo kwenye karatasi tu, sisi tumekesha nayo kwenye kifafa cha mimba. Tunapoanguka ni kwenye mambo matatu, na yote matatu hayasomeki ukiwa peke yako.

La kwanza ni kugawa kazi. Nyumbani nesi anapima joto, anaweka dripu, anasafisha mgonjwa, anamfundisha mama kunyonyesha, anajaza rejista, na usiku anakuwa peke yake na wodi nzima. Mtihani unakuuliza kazi gani umpe msaidizi, gani umpe LPN, muuguzi wa ngazi ya chini ya RN, gani ibaki kwako RN. Sisi tunajibu kama watu waliozoea kufanya vyote, na tunakosa. Tathmini ya kwanza ya mgonjwa, mafundisho ya kuruhusiwa, na mgonjwa ambaye hali yake haijatulia: hivyo haviondoki mkononi mwako. Msaidizi apime joto la mgonjwa aliyetulia, amgeuze, amlishe asiye na tatizo la kumeza.

La pili ni kusema na mgonjwa. Mama analia anasema anaogopa upasuaji. Kati ya majibu manne, moja ni "usijali, daktari wetu ni mzuri, utapona." Kila Mtanzania analichagua hilo kwa sababu ndivyo tulivyolelewa, mgonjwa anafarijiwa. Pale ni kosa. Umemwahidi usichokijua na umemfunga mdomo. Jibu sahihi ni lile linalomwachia aendelee kusema: niambie ni nini hasa kinachokutia hofu. Vivyo hivyo ndugu wanapokuja kukuomba mgonjwa asiambiwe ugonjwa wake. Nyumbani tungekaa na wazee wa familia. Kwenye mtihani mgonjwa ndiye mwenye habari zake.

La tatu ni vipimo. Sukari nyumbani ni milimoli, huku ni miligramu kwa desilita. Zidisha kwa 18. Joto ni la Farenhaiti, uzito kwa paundi. Mtu anaona sukari 54 anadhani mgonjwa ameshakufa kwa kuzidiwa, kumbe imeshuka na anahitaji juisi.

Ndiyo maana ya kikundi. Kikundi chetu tulikiendesha kwa sharti moja: mtu haruhusiwi kusema jibu ni B mpaka aseme kwa nini A, C na D haziwezi kuwa. Hapo ndipo unasikia mwenzako anavyofikiri. Maswali yale ya kesi, matatu yenye vipengele sita sita, yanafuata njia hiyohiyo: tambua dalili, zichambue, amua lipi la hatari zaidi, tafuta cha kufanya, kifanye, pima kama kimesaidia. Ukijibu peke yako kwenye simu unabofya tu unasogea.


Kutoka: Mama wa Kaliua, Leeds

Wanangu hamjambo. Nimesoma yote. Dada wa Isevya, mimi nakushangaa unavyojitesa na Marekani. Njoo Uingereza. Unafanya CBT, mtihani wa kompyuta, unafaulu Kiingereza kwa IELTS au OET, unakuja kumalizia na OSCE, mtihani wa vitendo, vituo kumi, mtu anakutazama unavyonawa mikono na unavyompa mgonjwa dawa. Mimi sikuombwa mchanganuo wa saa na mtu yeyote. Niliombwa kuthibitishiwa leseni, basi.

OSCE niliirudia kwa sababu ya kituo kimoja. Nilimwandalia mgonjwa dawa vizuri, nikasahau kumuuliza mzio. Kikundi chetu pale hosteli tulikuwa Mnigeria, Mfilipino, Mzimbabwe na mimi, tunageuza kitanda kuwa kituo, mmoja anakuwa mgonjwa. Mpaka leo wale ni ndugu zangu. Mfilipino ndiye aliyenisimamia harusi ya binti yangu.


Kutoka: Kaka wa Nzega, Dallas

Shikamoo mama. Kwa heshima zote, dada ameuliza NCLEX, hakuuliza NMC, baraza la wauguzi la Uingereza. Halafu kuna jambo umelipita. Tanzania imo kwenye orodha ya WHO ya nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya, ile ya 2023, na Uingereza imeiweka kwenye miongozo yake kwamba waajiri wasiende kusaka watumishi huko. Dada anaweza kuomba mwenyewe, hilo halikatazwi, ila asitegemee wakala wa kumfuata Tabora. Na akitokea wakala anayemwambia ameruhusiwa kumchukua, amuulize maswali mengi kabla hajatoa hata senti.

Nimeona pia mtu amenitumia ujumbe pembeni anaomba maswali niliyokutana nayo chumbani. Nasema hapa mbele ya wote ili lisirudiwe. Kabla ya mtihani unakubali masharti ya kutotoa maswali nje. Wakigundua, matokeo yanafutwa. Mnaweza kuharibu maisha ya mtu aliyekopa ada kwa shangazi yake.

Dada, diploma yako kwani NACTVET wanaitambua kama NTA ngazi ya 6, yaani ngazi ya diploma? Nimesikia siku hizi bila digrii hawakupokei.


Kutoka: Dada wa Ujiji, Houston

Umesikia wapi? Tafadhali tusisambaze ya kusikia. Diploma inafanya NCLEX-RN kama ulimaliza sekondari, ukasoma uuguzi baada yake, na maeneo yote matano yana darasa na wodi. Mimi nina diploma ya nyumbani na ninafanya kazi ICU. Wanaozuiwa kwa RN ni wenye cheti, wauguzi wa ngazi ya chini ya diploma. Digrii ni suala la mwajiri na la kupanda cheo.

Na CGFNS mnayoitaja kwenye barua zenu, tangu 2025 wanajiita TruMerit. Chuo kikituma bahasha, kiandike anwani kama ilivyo kwenye maelekezo ya sasa.


Kutoka: Baba wa Mwanga, Columbus

Mimi si muuguzi, naendesha lori, lakini mke wangu ni muuguzi na nimesikiliza diskasheni zao za usiku mpaka najua potasiamu haipigwi moja kwa moja mshipani.

Ninaposoma habari hizi nafurahi na ninaumia kwa pamoja. Kikundi cha Isevya kikifaulu wote wanne, Tabora imepoteza wauguzi wanne. Mama yangu mdogo alilazwa Kigoma mwaka jana. Nesi wa usiku alikuwa mmoja. Alihangaika na watu wote wale kwa upole ambao sijawahi kuusahau, asubuhi akaandika ripoti kwa mkono akaenda nyumbani kwa bodaboda. Nikajiuliza, huyu naye akija huku, mama mdogo atashikwa na nani?

Silaumu anayeondoka, nami niliondoka. Ninayoilaumu ni siasa yetu. Tunatuma pesa, tunajenga, tunasomesha, halafu uraia pacha hapana, Sheria ya Uraia ya 1995 imesimama palepale. Badala yake tumeletewa hadhi maalum ya diaspora. Mke wangu amechukua uraia wa huku kwa sababu ya watoto, sasa kwao Mwanga ni mgeni mwenye kadi. Angeruhusiwa kuwa raia wa pande zote mbili angerudi kufundisha hata kwa miezi, ameshasema hivyo mara nyingi. Reli ya SGR kipande cha Tabora hadi Kigoma, mkataba umesainiwa Desemba 2022, kilomita 506, tunashangilia. Itakapofika itawashusha akina nani pale stesheni kama sisi tumeshafutwa kwenye daftari?


Kutoka: Kaka wa Kasulu, Minneapolis

Baba wa Mwanga umenigusa. Reli ya zamani ilifika Kigoma 1914 na mpaka leo ndiyo tunayoipanda. Mimi nikifumba macho naisikia ikiingia asubuhi, wauza dagaa wameshajipanga dirishani. Huku nimepata mawese kwenye duka la Waafrika magharibi, mazuri, lakini hayana harufu ya yale ya kwetu. Kuna mtu anajua wapi napata migebuka iliyokaushwa? Si makrili, nasema migebuka.

Na kuhusu maswali 85, Dada wa Ujiji nimekuelewa, sikuwa nimefuatilia mabadiliko.


Kutoka: Dada wa Isevya, Tabora

Asanteni wote. Majina nimeyakagua, yanalingana. CBT ya Uingereza nimeisoma, Mama wa Kaliua nakushukuru, ila mume wangu yuko Marekani na faili langu la ndoa liko huko.

Baba wa Mwanga, nakujibu kwa sababu swali lako tunaulizana wenyewe hapa Isevya. Kati yetu wanne mwenye ajira ya serikali ni mmoja. Mimi nipo kwa mkataba. Wengine wawili wanajitolea. Wanakuja zamu kama wengine, wanazalisha kama wengine, mwisho wa mwezi wanapewa nauli. Walimaliza wakiwa na leseni, wodi haina watu, na wao hawana ajira. Anayejitolea hivyo hajaletewa na kikundi chetu wazo la kuondoka. Ameletewa na rejista ya mahudhurio isiyo na mshahara. Nikimwambia abaki kwa ajili ya mama mdogo wako, nimwambie ale nini? Naipenda kazi ya hapa. Mtoto aliyezaliwa hapumui, nikimkausha nikampulizia akalia, nafurahi mpaka asubuhi. Lakini kupenda kazi hakulipi mahitaji ya mdogo wangu anayesoma sekondari ya Milambo.

Kikundi kinanisaidia kuliko ninavyoweza kuandika. Mwenye ATT anatufundisha afya ya akili kwa kuwa alikaa kitengo hicho. Mimi nafundisha uzazi. Bando tunachanga, mmoja anafungua benki ya maswali kwenye kompyuta, wengine tunaandika kwenye madaftari. Umeme ukikatika tunaendelea kwa mdomo. Sharti la kutaja kwa nini majibu mengine hayafai tumelianza jana kwa kumfuata Dada wa Ujiji, na tulimaliza maswali machache sana kwa sababu tulibishana. Yule mwenye ATT alikuwa anajibu haraka siku zote, jana ikaonekana anapatia bila kujua sababu. Amelia kidogo, kisha akasema bora limeonekana leo.

Ila naomba mnirudie kwenye fomu. Nani anasaini?


Kutoka: Kaka wa Nzega, Dallas

Yangu alisaini mkuu wa chuo, lakini alikuwa yuleyule wa wakati wangu, kwa hiyo sijui kama inakusaidia. Jaribu kuwaomba mtaala wenyewe wa mwaka wako uliopigwa muhuri. Saa zimo humo.


Kutoka: Mama wa Kibirizi, Kigoma

Hamjambo wanangu. Naandikiwa na mjukuu. Nimestaafu uuguzi, tulisomea kwa ubao na mgonjwa mwenyewe. Binti yangu yuko huko Marekani, ni miongoni mwenu, hataki nimtaje.

Kaka wa Nzega, mtaala unataja saa zilizopangwa. Hautaji saa mtoto huyu alizokaa wodini. Sisi tulikuwa na kitabu cha mazoezi, sista anasaini kila siku. Dada, chako unacho? Mimi changu ninacho, kimeliwa na mchwa pembeni lakini saini zinasomeka. Na wewe Baba wa Mwanga usiwatupie watoto hawa mzigo wa wodi. Wodi ina wenyewe wanaotakiwa kuijaza watu.

Binti yangu aliposoma mtihani huo alikuwa ananipigia simu alfajiri ya kwake ananisomea maswali. Nilikuwa najibu kwa nilivyofanya, ananiambia mama, hapana, pale wanataka hivi. Tuligombana sana. Alipopita alinipigia kabla ya kumpigia mumewe.


Kutoka: Dada wa Isevya, Tabora

Shikamoo mama. Kitabu cha mazoezi tulikirudisha chuoni siku ya kumaliza. Nitawauliza Jumatatu kama wanavitunza.


Kutoka: Mama wa Kaliua, Leeds

Huko ndiko vinakofia. Store ya chuo chetu ilivuja, vikatupwa.


Kutoka: Baba wa Mwanga, Columbus

Mama wa Kibirizi nimepokea. Sikusema kwa kuwalaumu watoto. Lakini uraia pacha tusiuache, tuandike barua ya pamoja, nani anaungana nami?


Kutoka: Dada wa Ujiji, Houston

Ya uraia tufungue barua nyingine tafadhali, hii iachiwe dada.

Dada wa Isevya, la saini silijui. Nimewauliza wawili hapa, kila mmoja ana jibu lake, na sitaki kukuandikia la kubahatisha. Ninaloweza ni hili. Jumamosi saa 3 usiku ya Tabora, kwangu ni saa 7 mchana, nitakuwa mtandaoni na mke wa Baba wa Mwanga. Tuwekeni kwenye simu ya kikundi. Tutafanya kugawa kazi peke yake, na mwenye ATT ndiye atakayeanza kueleza. Mama wa Kibirizi, mjukuu akuunganishe na wewe, tunahitaji mtu wa kutubishia. Novemba saa zetu zikirudi nyuma kwangu itakuwa saa 6, msibadilishe za kwenu.


Kutoka: Kaka wa Kasulu, Minneapolis

Nami nitaingia, nisikilize hayo mapya. Migebuka bado natafuta.